Mzazi Asibebeshwe Peke Yake Mzigo wa Kuthibitisha

Mnamo mwezi Septemba 2023 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita ya nchi yetu, yaani Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, wakiwadondoshea watoto matone ya polio. Misunkumilo ilikuwa ndani ya eneo hilo pamoja na mkoa wetu wote. Sababu yake ilitangazwa: mtoto mmoja wa mkoani Rukwa, majirani zetu, alikuwa amepooza mwezi Mei mwaka huo, na maabara ikaonyesha kwamba alipatwa na kirusi cha polio. Ambalo wengi hawakulishika vizuri ni namna ya kirusi chenyewe. Kilikuwa kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo.

Hatuandiki habari hii ili kumtia mtu ye yote hofu, wala kumpa silaha anayetafuta kisingizio cha kutompeleka mtoto kliniki. Watu wa mkoa huu wanakumbuka mlipuko wa surua wa mwaka 2022 katika Halmashauri ya Mpimbwe, uliowaua watoto ambao sindano ya shilingi chache ingeweza kuwaokoa. Chanjo huokoa maisha. Lakini ukweli huo haufuti ukweli wa pili, kwamba mara chache sana chanjo, au mkono unaoitoa, huumiza. Na inapoumiza, swali la haki huzaliwa hapo hapo: nani atathibitisha kwamba madhara yametokana na chanjo, kwa ushahidi gani, na mbele ya nani?

Tuanze na kesi ya polio, maana ndiyo iliyo karibu nasi na ndiyo iliyo wazi kuliko nyingine zote. Chanjo ya matone hutengenezwa kwa kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Mtoto akiimeza, kirusi hukaa tumboni kwa muda, huufundisha mwili kujikinga, kisha hutoka kwa njia ya choo. Mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa, safari yake huishia hapo. Mahali ambapo wengi hawakuchanjwa na usafi wa choo ni haba, kirusi hicho hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, na katika kupita huko chaweza kurudiwa na ukali wake wa zamani. Ndiyo sababu aina ya pili iliondolewa katika matone ya kawaida duniani kote mwezi Aprili 2016, na tangu mwaka 2021 ikaanza kutumika chanjo mpya ya aina hiyo, iliyotengenezwa isigeuke kwa urahisi. Hata hiyo mpya haikuwa salama kabisa. Mwezi Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto saba wamepoozeshwa na kirusi kilichotokana nayo: sita nchini Kongo, katika majimbo ya Tanganyika na Kivu ya Kusini, na mmoja Burundi. Mtu akisimama Karema, ufuko wa Ziwa Tanganyika katika mkoa wetu, akatazama ng'ambo, analitazama jimbo hilo la Tanganyika.

Yafaa tuone jinsi chanzo kilivyothibitishwa katika kesi za namna hiyo. Mtoto aliye chini ya miaka 15 anapolegea mguu au mkono ghafla, mhudumu wa afya hutakiwa kuchukua sampuli mbili za choo, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Sampuli hukaa katika baridi hadi maabara. Huko kirusi husomwa vinasaba vyake kama mtu anavyosomewa ukoo wake: huyu ni mjukuu wa kirusi cha porini, huyu ni mjukuu wa chanjo. Hakuna haja ya kubishana. Lakini tazama yote yanategemea nini: mzazi aliyetoa taarifa upesi, mhudumu aliyejua la kufanya, na siku 14. Ikifika siku ya arobaini, maabara ile ile yenye mitambo ile ile yaweza isione kitu.

Sasa tuulize: mtoto aliyepooza kwa njia hiyo, ambaye chanzo cha ulemavu wake kimethibitishwa kuliko mauaji mengi yanavyothibitishwa mahakamani, analipwa na nani? Tanzania haina mfuko wa fidia kwa walioumizwa na chanjo za kawaida. Katika hesabu ya mwaka 2018 zilikuwa nchi 25 tu duniani zenye mpango wa namna hiyo, na yetu haikuwamo. Tena kuna ugumu wa pili. Anayepatwa na kirusi cha namna hiyo mara nyingi ni mtoto ambaye yeye mwenyewe hakuchanjwa; ameambukizwa kwa njia ya watoto wa jirani. Akija mtu na sheria inayosema "atalipwa aliyechanjwa", mtoto huyu atabaki nje ya mlango. Waingereza waliliona jambo hilo katika sheria yao ya mwaka 1979, wakamhesabu pia aliyeambukizwa na aliyechanjwa. Wamarekani nao, katika sheria yao ya mwaka 1986, waliweka nafasi ya mtu wa jamii aliyepooza kutokana na chanjo ya mwingine. Siku sheria ya kwetu itakapoandikwa, jambo hili lisisahauliwe, maana sisi ndio tunaoishi kando ya ziwa hilo.

Hayo ni ya polio. Katika madhara mengine mengi hakuna kirusi cha kusomewa ukoo, na hapo ndipo ugumu halisi unapoanza. Wahenga walisema hata jogoo asipowika kutakucha. Jambo kutokea baada ya jingine si lazima litokane nalo. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hiyo ndiyo miezi ile ile ambayo malaria, nimonia na kuhara huwashambulia kwa nguvu, na ambayo magonjwa ya kuzaliwa nayo huanza kujidhihirisha. Kwa hiyo katika kila maelfu ya watoto waliochanjwa leo, wapo watakaougua wiki hii hata kama sindano ingekuwa ya maji matupu. Mama aliyeona mtoto wake akishikwa na degedege siku ya tatu baada ya sindano hawezi kulijua hilo. Anachokijua ni kwamba juzi mtoto alikuwa akicheka.

Uingereza ilipita katika jambo hili kwa machungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wazazi wengi huko walisimulia habari moja: mtoto alichomwa chanjo ya kifaduro, akapata degedege, na baadaye akili yake ikadumaa. Kesi ilifika mahakamani, wataalamu wakasikilizwa kwa muda mrefu, na mwaka 1988 jaji akaamua kwamba haikuthibitishwa, hata kwa mizani ya uwezekano tu, kuwa chanjo hiyo yaweza kuharibu ubongo wa mtoto moja kwa moja. Wazazi waliondoka wakiona wamedhulumiwa. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa kutoka Australia waliwapima wagonjwa 14 waliokuwa wamehesabiwa kuwa waliharibiwa ubongo na chanjo hiyo, wakakuta 11 kati yao wana kasoro ya kinasaba inayoleta ugonjwa mkali wa kifafa cha utotoni. Homa ya chanjo huenda iliitangulizia degedege ya kwanza, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwamo tangu tumboni. Wazazi wale hawakusema uongo. Walichokiona walikiona kweli. Walichokosa ni kipimo ambacho miaka hiyo hakikuwapo.

Lakini tusikimbilie upande mwingine na kusema kila malalamiko ni bahati nasibu. Nchini Sudan Kusini, ambayo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, watoto 15 wenye umri chini ya miaka mitano walikufa mwezi Mei 2017 baada ya kampeni ya chanjo ya surua katika eneo la Kapoeta. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia chanjo lilitumiwa kwa siku zote nne za kampeni, kwamba chanjo haikuhifadhiwa katika baridi, na kwamba wachanjaji hawakuwa na mafunzo; wengine walikuwa watoto wa miaka kumi na kitu. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Sumu iliingia kwa mkono wa binadamu. Waziri wa Afya wa huko alisema tume ingeundwa kutazama nani awajibike na kama familia zilipwe. Laiti wakubwa wangeshikilia neno lile rahisi, kwamba watoto hufa kwa mambo mengi, ukweli huo ungezikwa pamoja na marehemu.

Basi kati ya Uingereza na Kapoeta kuna njia ya kupita. Njia hiyo ni uchunguzi, na uchunguzi hulishwa na karatasi. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mizani ya kupimia matukio mabaya yanayofuata chanjo. Kila tukio hutiwa katika kundi moja. Kundi la kwanza ni la yale yanayopatana na chanjo kuwa chanzo, ama kwa asili ya dawa, ama kwa ubovu wake, ama kwa kosa la mchanjaji, ama kwa hofu ya sindano. La pili ni la yale yasiyoamulika, ambayo muda unapatana lakini elimu bado haijatosha. La tatu ni la yaliyosadifu tu, yenye chanzo kingine. La nne ni la yale yasiyoweza kuwekwa po pote kwa sababu taarifa zimekosekana: kadi haipo, namba ya toleo la chanjo haikuandikwa, hakuna aliyepima damu, marehemu alizikwa bila uchunguzi.

Twaliomba kundi hilo la nne litazamwe kwa makini. Mtoto wa mjini aliyelazwa katika hospitali kubwa, akapimwa kila kitu, atapata jibu, liwe zuri au baya. Mtoto wa kijijini aliyefia njiani juu ya pikipiki ataishia katika kundi la nne. Si kwamba chanjo imeonekana haina hatia, wala kwamba imeonekana ina hatia, hakuna aliyeandika. Umaskini umegeuka kuwa hukumu. Na mizani yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kulinda usalama wa chanjo, si kwa kuamua nani alipwe; lakini mahali pasipo mizani nyingine, hiyo ndiyo itakayowekwa mezani.

Nayo sheria yetu yasemaje? Anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Huo ndio msingi wa sheria ya ushahidi ya mwaka 1967, na katika madai ya kawaida ni msingi mzuri. Kipimo chake katika madai si kile cha jinai. Yatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Lakini kwa madhara ya chanjo mzazi hana budi kubeba mizigo minne kwa pamoja: kwamba mtoto alipewa chanjo fulani siku fulani, kwamba amepata madhara fulani, kwamba hilo la pili limetokana na la kwanza, na kwamba kulikuwa na uzembe wa mtu. Mzigo wa tatu wahitaji daktari bingwa aje kutoa maoni yake mbele ya jaji. Wa nne mara nyingi haubebeki kabisa, kwa kuwa madhara mengine hutokea pasipo kosa la mtu ye yote. Akitaka kuishitaki Serikali atoe kwanza notisi ya siku 90, kisha aende Mahakama Kuu, si Mahakama ya Mwanzo aliyoizoea. Muda wa madai ya namna hiyo ni miaka mitatu, ingawa sheria yampa mtoto nafuu kwa ajili ya umri wake. Tuseme kwa haki kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua mlango kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Wakili wa msaada, hata hivyo, hawezi kuleta karatasi ambayo haikuandikwa.

Mara moja nchi yetu ilionja utaratibu mwingine. Chanjo za UVIKO-19 zilipokuja kwa mpango wa Covax, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Februari 2021 mfuko wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo. Fedha zake zilitokana na tozo ya senti 10 za dola kwa kila dozi. Shehena ya kwanza ya chanjo ya Janssen, dozi zaidi ya milioni moja, ilifika Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Chanjo hiyo ilikwisha kujulikana kwamba mara chache sana, kwa watu wachache katika kila milioni, huleta kuganda kwa damu pamoja na kupungua kwa chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida ndani ya wiki tatu hivi. Katika mfuko huo mdai hakuwa na haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Alitakiwa kuonyesha kwamba amepata ulemavu wa kudumu au kwamba ndugu yake amefariki, na kwamba chanjo ndiyo chanzo. Tena mtaalamu wa afya aliyesajiliwa alitakiwa kujaza na kutia sahihi fomu ya ushahidi. Aliyekubali malipo aliacha haki ya kudai zaidi.

Ulikuwa mwanzo mwema. Twajiuliza tu ni wangapi katika vijiji vyetu waliusikia, na ni mganga gani wa zahanati angethubutu kutia sahihi karatasi isemayo kwamba sindano aliyoitoa yeye mwenyewe ndiyo iliyomuumiza mgonjwa. Na mfuko huo ulikuwa wa ugonjwa mmoja. Mtoto aliyeumizwa na chanjo ya surua, katika zahanati ile ile, kwa mkono ule ule, hakuhusika nao.

Nchi nyingine zimetafuta namna ya kuupunguza mzigo wa kuthibitisha pasipo kuufuta. Ujerumani ililipa kwa sheria tangu mwaka 1961. Marekani iliweka jedwali: madhara fulani yakitokea ndani ya muda fulani baada ya chanjo fulani, huhesabiwa kwamba yametokana nayo mpaka Serikali ionyeshe vinginevyo. Mshtuko mkali wa mwili, kwa mfano, sharti utokee ndani ya saa 4. Kwa yasiyokuwamo katika jedwali, mahakama ya rufani huko ilisema mwaka 2005 kwamba mdai aonyeshe mambo matatu: maelezo ya kitabibu yanayoingia akilini, mfululizo wa matukio unaoelekeza kwenye chanjo, na muda unaofaa kati ya hayo mawili. Huko Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Juni 2017, katika kesi ya Mfaransa aliyepata ugonjwa wa mishipa ya fahamu baada ya chanjo ya homa ya ini, kwamba hata pale sayansi haijakata shauri jaji aweza kuridhika kwa dalili nzito, mahususi na zinazopatana. Ila sheria isifanye dalili hizo kuwa ushindi wa moja kwa moja. Afrika Kusini nayo iliunda mpango wake mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo za UVIKO-19.

Lakini kwa nini twende mbali? Watu wa Katavi wana mfano wao nyumbani. Tembo akitoka hifadhini akala mahindi, au kiboko akamuua mtu, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Ofisa wanyamapori huja, hutazama nyayo na kinyesi, hupima ekari, huandika. Hakuna amwulizaye mkulima kama kuna askari aliyezembea kumzuia tembo. Linaloulizwa ni moja: je, ni tembo kweli? Na kila mkulima wa huku ajua kwamba lazima atoe taarifa upesi, kabla mvua haijafuta nyayo. Kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008: aliyekatwa kidole na mashine haanzi kwa kuthibitisha uovu wa mwajiri. Taifa limekwisha kukubali, basi, kwamba mtu akiumia kwa jambo linalofanywa kwa faida ya wengi, wengi hao wambebe. Hatuoni sababu ya mtoto aliyechanjwa kwa ajili ya kinga ya mtaa mzima kupewa haki ndogo kuliko ekari ya mahindi. (Jina la kifuta machozi hatulipendi. Kufuta machozi ni huruma ya mwenye nacho. Fidia ni haki ya aliyeumia.)

Kwa hiyo twaziomba mamlaka zinazohusika, na hasa wabunge wa mkoa huu, waanzishe mjadala wa mfuko wa fidia kwa chanjo zote zinazotolewa na Serikali, unaolishwa na tozo ndogo kwa kila dozi. Mfuko huo uwe na orodha ya madhara yanayojulikana na muda wake, umhesabu pia aliyeambukizwa, na uwe na kanuni moja ambayo kwetu ndiyo kiini cha jambo lote: pale ambapo ushahidi umekosekana kwa kuwa aliyekuwa na wajibu wa kuuandika hakuuandika, shaka hiyo ihesabiwe kwa faida ya aliyeumia. Zahanati ndiyo inayotunza kitabu cha chanjo. Zahanati ndiyo inayojua namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa. Si haki kumwambia mama kwamba ameshindwa kuthibitisha jambo ambalo ushahidi wake haujawahi kuwa mikononi mwake.

Wako watakaosema kwamba kuzungumza habari za fidia kutawatisha watu, nao wataacha kuchanja. Wasiwasi huo twauheshimu, maana uvumi umekwisha kutuua. Lakini Wajerumani wamekuwa na fidia kwa zaidi ya miaka 60 na bado wanachanja watoto wao. Kinachotisha zaidi ni mtoto aliyelemaa mtaani, ambaye kila mtu anamwona na hakuna ofisi inayomtaja. Mzazi aliyesikilizwa, akachunguziwa, akaambiwa kwa adabu kwamba ugonjwa wa mwanawe ulikuwa malaria, atamleta mtoto wa pili kliniki. Aliyefukuzwa hatamleta, na atawaambia majirani.

Mfuko huo haupo leo, na kuutunga kutachukua muda. Wakati huo huo jumuiya zetu zina kazi. Viongozi wa walei wawafundishe wazazi kwamba tarehe ni ushahidi. Homa na degedege zitokanazo na chanjo ya surua huja kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 14. Mtoto aliyeshikwa siku ya pili na aliyeshikwa siku ya tisa hawana kesi moja, na mama asemaye "ilikuwa kama wiki hivi" amekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake pasipo kujua. Aandike siku na saa, hata kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi. Akiona jambo lisilo la kawaida arudi kituoni siku hiyo hiyo, asisubiri siku ya kliniki, na aombe kwa upole tukio lijazwe katika fomu ya kuripoti matukio mabaya baada ya chanjo, ambayo kwa njia ya halmashauri huifikia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kujaza fomu si kumshitaki muuguzi. Wauguzi walio wengi hulijua hilo na hawakasiriki. Mtoto akilegea kiungo ghafla, habari ifike siku hiyo kwa mhudumu wa afya ya jamii au kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu ya zile siku 14. Na ikiwa Mungu amemtwaa mtoto kabla ya kufika hospitali, familia isikatae kuulizwa maswali na wachunguzi, ingawa twajua ni saa ngumu ya kuulizwa.

Tunazo kadi za kliniki nyingi zilizoliwa na panya, zilizolowa, zilizotumiwa kuwashia moto. Katika mkutano ujao wa jumuiya kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aje na kadi yake. Zile zisizosomeka ziandikwe orodha na zipelekwe kwenye kituo cha chanjo zinakiliwe upya kutoka kwenye kitabu, mapema, kabla kitabu hicho hakijajaa na kufungiwa stoo.